Haki ya Mwalimu Aliyesoma Akiwa Kazini

Hotuba iliyosomwa mbele ya mkutano wa wanamageuzi na waumini



Tumeombwa tuseme juu ya elimu. Jambo la elimu ni pana, na mtu akitaka kuligusa lote hatalishika hata moja. Kwa hiyo tumechagua kusimama mahali pamoja tu. Tutasema juu ya mwalimu ambaye, akiwa angali anafundisha, ametumia fedha zake na likizo zake kujipatia cheti cha juu kuliko kile alichoajiriwa nacho, kisha akarudi darasani akakuta hakuna aliyeona.

Huenda baadhi yenu wanajiuliza: jambo hili lina uhusiano gani na vyama vingi, na katiba, na uchaguzi wa haki? Mishahara si kazi ya vyama vya walimu? Tunawaomba subira. Sisi tunaamini kwamba swali la mwalimu huyu ni lile lile lililotutoa majumbani mwetu mwaka 1990 na 1991: je, mwananchi wa Kenya anaongozwa kwa kanuni inayojulikana, au anaishi kwa hisani ya mkubwa? Kifungu cha 2A kilifutwa mwezi wa Desemba 1991. Lakini tabia iliyokizaa haikufutwa siku moja na kifungu.

Mwalimu tunayemsema

Hatutamtaja jina, kwa kuwa yuko katika kila kata, na wengi wenu mmeketi naye kanisani. Alitoka chuo cha walimu na cheti cha P1 baada ya miaka miwili. Akapelekwa shule ya msingi ambayo barabara yake hukatika mvua inyeshapo. Akafundisha Hisabati, Kiswahili, Sayansi, na lolote lililokosa mwalimu. Baada ya miaka kadhaa akajisajili chuo kikuu.

Shule zilipofungwa mwezi wa Aprili, wenzake walienda mashambani kupanda. Yeye alipanda matatu kwenda chuoni. Agosti hivyo hivyo. Desemba, wakati jamaa walipokuwa wakikusanyika kwa Krismasi, alikuwa akifanya mtihani. Karo aliikopa kwa chama cha ushirika cha walimu, na kila mwezi mkopo ukakatwa katika hati yake ya mshahara kabla hajaushika mshahara wenyewe. Shule zilipofunguliwa aliingia darasani Jumatatu asubuhi kama kawaida, na usiku, baada ya kusahihisha madaftari ya watoto wa watu, akasahihisha ujinga wake mwenyewe. Mambo haya yalichukua miaka minne au mitano. Wengine, karo ilipowashinda katikati, walichukua hata saba.

Siku ya mahafali kijiji kilikodi gari. Akina mama walipiga vigelegele, mchungaji akaomba, mbuzi akachinjwa. Juma lililofuata mwalimu alitoa nakala ya shahada yake, akaiambatanisha na barua, akaipeleka kunakohusika. Akangoja. Mwaka ukapita. Akaandika tena. Hatimaye akajibiwa kwamba barua yake imepokelewa na nakala imewekwa katika faili. Imo katika faili hadi leo. Yeye naye yumo katika darasa lile lile, kwa daraja lile lile, akilipa deni la shahada kwa mshahara wa cheti.

Mnaukumbuka mfano wa watumwa waliopewa talanta na bwana wao. Yule aliyepewa tano alizifanyia biashara akaleta tano nyingine, na bwana wake akafurahi, akamweka juu ya mengi. Aliyeifukia yake ardhini alikemewa. Sasa jiulizeni: mwalimu wetu ameleta talanta tano zaidi, nasi tumemwambia aziweke pale kwenye rafu na arudi kazini. Je, kesho tutapata wapi kinywa cha kumkemea mwalimu anayefukia?

Tulikotoka

Haikuwa hivi tangu mwanzo, na ni vizuri vijana wajue.

Katika enzi ya mkoloni mshahara wa mwalimu ulifuata kwanza rangi ya ngozi yake. Mzungu, Mhindi na Mwafrika, kila mmoja alikuwa na kipimo chake. Mwafrika angeweza kusoma apendavyo, asifike pale alipoanzia Mzungu. Tena waajiri walikuwa wengi: misheni, halmashauri za wilaya, serikali. Mwalimu wa shule ya kanisa hili hakuwa na masharti sawa na yule wa kanisa la pili, ingawa walifundisha watoto wa ukoo mmoja. Nasi wa makanisa tukiri ukweli wetu: hatukuwa waajiri wema siku zote. Ndiyo sababu chama cha KNUT, kilichoundwa mwaka 1957, kilidai kwa miaka mingi kwamba walimu wote wawe na mwajiri mmoja na masharti mamoja. Dai hilo lilizaa Tume ya Huduma za Walimu, TSC, iliyoundwa kwa sheria ya Bunge mwaka 1967.

Nchi changa ilikuwa na njaa ya walimu. Wengi waliokuwa darasani walikuwa hawana mafunzo kamwe, au walikuwa na cheti cha P3, yaani walikuwa wamemaliza shule ya msingi na kupewa mafunzo kidogo. Serikali haikuwafukuza, na haikuwaambia wakae walivyo. Mwishoni mwa miaka ya 1960 Chuo Kikuu cha Nairobi kilianzisha masomo ya posta pale Kikuyu. Masomo yalikwenda kwa barua na kwa redio. Mwalimu aliyekuwa mbali na mji alipokea vijitabu vyake, akasikiliza kipindi, akaandika majibu na kuyarudisha kwa posta. Akiufaulu mtihani wa serikali, alipanda. P3 akawa P2, P2 akawa P1. Wazee wengi waliotufundisha sisi kusoma walipanda ngazi hiyo kwa taa ya kandili.

Mwaka 1986 mlango mwingine ulifunguliwa pale pale Kikuyu: shahada ya elimu kwa masomo ya mbali, ili mwalimu asome bila kuacha kazi. Tangu mwaka 1998 vyuo vikuu vilianza kupokea kwa wingi wanafunzi wanaojilipia karo, na walimu walikuwa wa kwanza kupiga foleni. Hapakuwa na aliyewadanganya. Mpango wa utumishi uliokuwapo ulijulikana: mwalimu wa P1 aliyekuwa kundi la kazi G, akipata shahada inayokubaliwa, angeomba kupandishwa hadi kundi K pamoja na walimu wengine wenye shahada. Ahadi hiyo ilikuwa kwenye karatasi. Watu waliuza ng'ombe kwa kuitegemea.

Kanuni ilipogeuzwa

Kisha kanuni iligeuka. Mkataba wa pamoja wa mishahara wa mwaka 2017 hadi 2021 ulileta madaraja mapya, na mwaka 2018 mwongozo mpya wa maendeleo ya kikazi ukachukua mahali pa mipango ya zamani ya utumishi. Mwalimu wa shule ya msingi akaingizwa daraja la B5, na mwenye shahada wa shule ya upili akaanzia C2. Isipokuwa katika ngazi za mwanzo, kupanda sasa kulihitaji nafasi iliyo wazi, miaka kadhaa katika daraja, tathmini ya utendaji kazi na usaili. Cheti cha juu, peke yake, hakikuwa tena sababu ya kupanda.

KNUT ilikwenda mahakamani. Mwezi wa Julai 2019 Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi ilitoa uamuzi uliogusa jambo hili hili, la mipango ya zamani na mwongozo mpya. Mnajua yaliyofuata. Wanachama wa KNUT walijikuta nje ya nyongeza ambazo wenzao walikuwa wakipokea, na maelfu wakakihama chama chao ili wazipate. Hatuko hapa kuamua upya kesi iliyokwisha kuamuliwa. Tunataka tu mwone jinsi swali la cheti cha mwalimu mmoja lilivyokuwa mzani wa kupimia nguvu za chama kizima cha wafanyakazi. Kwa hiyo asituambie mtu kwamba hili ni jambo dogo.

Hoja za upande wa pili

Mtu wa haki husikiliza pande zote mbili. Wanaotetea kanuni mpya wanazo hoja, na baadhi zina uzito.

Wanasema, kwanza, kwamba si kila cheti humfaa mtoto. Mwalimu wa darasa la tatu akisomea usimamizi wa biashara, mtoto wa darasa la tatu anafaidika na nini? Hili ni kweli. Hatuwezi kuwaambia wananchi walipe kodi zaidi kwa sababu ya karatasi isiyogusa ubao. Lakini tazameni mwalimu aliyesomea elimu ya watoto wadogo, au elimu ya watoto wenye mahitaji maalum, au ufundishaji wa Hesabu. Huyo naye amewekwa katika kapu moja na yule wa biashara. Dawa ya cheti kisichofaa ni kutaja vinavyofaa. Si kuvikataa vyote.

Wanasema, pili, kwamba hazina haiwezi kubeba mzigo huo. Tunajua hazina ina mipaka. Lakini sisi ndio tuliosikia maneno hayo mwezi wa Oktoba 1997. Walimu waligoma, uchaguzi mkuu ulikuwa mlangoni, na serikali ikakubali nyongeza ya asilimia 150 hadi 200, ilipwe kwa awamu katika miaka mitano. Uchaguzi ulipopita, mwaka 1998, awamu iliyofuata ilikataliwa, na walimu wakagoma tena. Somo tulilojifunza ni kwamba ahadi ya kabla ya kura na umaskini wa baada ya kura ni ndugu wa tumbo moja. Kama fedha ni chache, serikali iseme ni kiasi gani kitatengwa kila mwaka kwa walimu waliojiendeleza, na nani atatangulia kwenye foleni. Kugawa kidogo kwa haki kunawezekana. Mama zetu hufanya hivyo jikoni kila siku.

Wanasema, tatu, kwamba kuna walimu wanaosomea shahada zao kwa saa za watoto, na wengine huleta vyeti vya kughushi. Hili nalo hatulifichi. Mwalimu anayeandika kazi ya chuo huku darasa likipiga kelele anawaibia maskini, na sisi hatutamtetea. Mwenye cheti cha uongo ashtakiwe. Lakini mkulima hachomi ghala kwa sababu ameona panya.

Wanasema, nne, kwamba kupanda kwa usaili ni bora kwa kuwa kunatazama utendaji, na Katiba yenyewe, katika kifungu cha 232, inataka vyeo vya umma vitolewe kwa ushindani wa haki na kwa ustahili. Tunakubaliana na Katiba neno kwa neno. Swali letu ni hili: je, kusoma miaka mitano huku ukifundisha si sehemu ya ustahili? Na usaili ambao mwalimu hajui alipata alama ngapi, wala aliyemshinda alimshinda kwa nini, unatofautianaje na ule mlolongo wa mwaka 1988, ambapo foleni ndefu ilitangazwa kuwa fupi na foleni fupi ikapewa kiti? Ushindani usioonekana si ushindani. Ni hisani iliyovaa suti.

Anayelipa ni mtoto

Ndugu zetu, kama jambo hili lingekuwa la mfuko wa mwalimu peke yake, tungeliachia vyama vyake. Lakini anayelipa gharama kubwa zaidi ni mtoto wa shule ya msingi.

Fikirini njia iliyopo. Mwalimu bora wa darasa la kwanza, yule anayejua kumfundisha mtoto kusoma kabla ya Krismasi, akijiendeleza hadi shahada hana namna ya kulipwa kwa elimu hiyo akiwa pale pale. Akitaka ithaminiwe, sharti atafute mlango wa shule ya upili, na huko naye aulizwe alama za mtihani wake wa kidato cha nne: alipata C+ kwa jumla? Alipata C+ katika masomo mawili ya kufundisha? Mtihani alioufanya akiwa na miaka kumi na minane, katika shule isiyokuwa na maabara, unamfuata hadi uzeeni, na shahada aliyoipata akiwa mtu mzima haiwezi kuufuta. Akifaulu kuuvuka mlango huo, darasa la kwanza limempoteza. Asipofaulu, amebaki, lakini amebaki akiwa na moyo uliovunjika. Kwa vyovyote vile, mtoto mdogo ndiye aliyepunjwa.

Ilipofika Januari 2023, shule ya upili ya daraja la chini ilianza na watoto wa Gredi ya 7 wakabaki katika shule za msingi. Walimu wa kuwafundisha hawakutosha. Ndipo waliotafutwa wakawa walimu wa shule za msingi wenye shahada na sifa za kufundisha sekondari, wakahamishiwa huko. Tazameni basi! Vyeti vilivyokuwa vimelala katika faili viliamshwa siku ya shida. Sisi hatulalamiki kwamba viliamshwa. Tunauliza kwa nini vilingoja shida. Taifa lenye busara huhesabu akiba yake wakati wa amani.

Na kuna jambo la nne, la ubaguzi tunaoupitia kimya kimya. Tangu mwaka 2021 cheti cha P1 kimeanza kuondoka, na wanaoingia vyuoni sasa husomea stashahada. Hiyo ni hatua njema. Lakini ina maana kwamba serikali yenyewe imekiri kuwa mwalimu wa shule ya msingi anahitaji elimu ya juu zaidi ya cheti. Ikiwa elimu hiyo ni ya lazima kwa kijana anayeingia leo, itakuwaje isiwe na thamani kwa mzee aliyeitafuta kwa fedha zake miaka kumi kabla hajaambiwa?

Zaidi ya hayo, Septemba 2021 mpango wa mafunzo ya walimu ulizinduliwa: sehemu sita, kila moja ya miaka mitano, na walimu wakaambiwa walipe shilingi 6,000 kwa mwaka kutoka mifukoni mwao. Pigeni hesabu: sehemu sita za miaka mitano ni miaka thelathini, na kwa kiwango hicho ni shilingi 180,000. Kwa hiyo mwalimu aliambiwa mambo mawili kwa wakati mmoja. Masomo uliyoyachagua na kuyalipia hayahesabiwi. Masomo tuliyokuchagulia ni ya lazima, nayo utayalipia wewe. Hapo ndipo tunapoona sura ya tabia ile ya kale, ya mkubwa anayeamua thamani ya jasho la mdogo bila kumwuliza.

Tunachodai

Hatukuja hapa kulia tu. Tunayo madai, nayo tunawaomba myachukue hadi kwa wabunge wenu, kwa vyama vyenu vya siasa, na kwa kila mgombea atakayekuja kuomba baraka kanisani.

Kwanza, TSC itoe hadharani, kila mwaka, orodha ya masomo na vyuo vinavyotambuliwa kwa ajili ya kujiendeleza, ili mwalimu ajue kabla hajalipa shilingi ya kwanza. Akisoma kilichomo katika orodha, asizungushwe. Akisoma kingine, ajue anasoma kwa faida yake mwenyewe.

Pili, thamani ya elimu itenganishwe na nafasi ya cheo. Naibu wa mwalimu mkuu ni mmoja katika shule, na hatudai shule iwe na manaibu ishirini. Lakini mwalimu anaweza kuongezwa mshahara hatua fulani kwa elimu aliyoipata, akabaki mwalimu wa darasa lake. Mtoto wa darasa la kwanza anastahili mwalimu mwenye shahada anayelipwa kama mwenye shahada.

Tatu, waliosoma chini ya kanuni ya zamani watendewe kwa kanuni ya zamani. Aliyeanza safari kabla ya daraja kuvunjwa asiachwe mtoni. Kanuni mpya iwahusu wanaoanza baada yake.

Nne, mafunzo ambayo mwajiri ameyafanya ya lazima, mwajiri ayagharimie. Yanayotoka katika hiari ya mwalimu, mwajiri asaidie kwa likizo ya masomo yenye utaratibu ulio wazi, isiyotegemea ni nani unayemjua.

Tano, usaili uwe wa wazi. Nafasi zitangazwe, alama zijulikane, na aliyekosa aambiwe sababu kwa maandishi na apewe njia ya kukata rufaa. Kifungu cha 237 cha Katiba ya 2010 kimeipa Tume kazi ya kuwapandisha walimu vyeo, na kifungu cha 41 kinampa kila mfanyakazi haki ya kutendewa kwa uadilifu kazini. Vifungu hivi viwili si maadui. Viketishwe meza moja.

Hatudai jambo geni. Tarehe 5 Oktoba 1966 mataifa yalikubaliana, kupitia UNESCO na Shirika la Kazi Duniani, juu ya hadhi ya mwalimu, na waraka ule ulisema kwamba mwalimu apewe nafasi na motisha ya kujiendeleza akiwa kazini. Ndiyo sababu tarehe hiyo huadhimishwa kuwa siku ya walimu duniani. Kila mwaka siku hiyo tunamwimbia mwalimu. Tunaomba pia alipwe.

Wajibu wetu wenyewe

Tukimaliza, tujitazame na sisi. Ni rahisi kunyooshea serikali kidole na kusahau vitatu vinavyotuelekea.

Kanisa lilijenga shule nyingi za nchi hii na bado ni mfadhili wake. Basi kumbi zetu zinazofungwa kutoka Jumatatu hadi Jumamosi zifunguliwe jioni, ziwekwe meza na taa, ili mwalimu anayesoma apate mahali pa utulivu. Mahali penye umeme au sola, gharama yake ni ndogo. Wawakilishi wa kanisa katika bodi za shule wasiwe watu wa kubariki chakula tu. Waulize katika kila kikao: ni walimu wangapi hapa wamejiendeleza, na shule imewatumiaje? Mwalimu aliyesomea watoto wenye mahitaji maalum apewe kwanza watoto hao, hata kabla Nairobi haijajibu barua yake. Heshima nyingine haingoji bajeti.

Nanyi wanamageuzi, mwalimu mlimtumia vizuri. Jaramogi Oginga Odinga, aliyekuwa mmoja wa waasisi wa FORD mwaka 1991, alikuwa mwalimu Maseno kabla ya kuwa mwanasiasa. Masinde Muliro naye alishika chaki. Walimu ndio waliowasomea wazee magazeti chini ya mti, wakati ambapo kumiliki baadhi ya magazeti kulikuwa hatari. Walihesabu kura usiku kucha. Je, tangu serikali zianze kubadilishwa kwa kura, ni manifesto ngapi zimemkumbuka aliyejisomesha? Tumemwita mwalimu siku ya mapambano, na siku ya karamu tumemwacha mlangoni.

Nanyi walimu, mtusikie kwa upendo. Elimu mliyoipata ionekane darasani kabla haijaonekana katika hati ya mshahara. Mzazi akiona mtoto wake anasoma vizuri zaidi tangu mwalimu arudi chuoni, mzazi huyo atakuwa wakili wenu, na hapana tume inayoweza kuwanyamazisha mawakili wengi kiasi hicho. Msiuze saa za watoto. Wala msikubali kugawanywa chama na chama, msingi na upili, kwani mwaka 2019 ulitufundisha gharama yake.

Wahenga walisema chanda chema huvikwa pete. Hawakusema chanda chema kiambiwe kingoje nafasi iwe wazi. Kidole kinajulikana. Pete ni kodi yetu sisi wenyewe, nayo tuna haki ya kuuliza imewekwa wapi.

Tunawaomba kila mmoja wenu afanye jambo moja kabla ya mkutano ujao. Nenda katika shule iliyo karibu nawe. Uliza ni mwalimu gani aliyesoma akiwa kazini, alisoma nini, na alijibiwaje. Andika. Usiandike jina lake pasipo ruhusa yake. Tuleteeni karatasi hizo, nasi tutazikusanya na kuzipeleka mbele ya Bunge, ili mtu asiseme tena kwamba hakujua.

Mungu aibariki Kenya, awabariki na wanaowafundisha watoto wake.